Kabla ya kuuza kiwanja cha Kahama, piga hesabu ya pointi

Kahama, Geita na Katoro, habari za kuhamia Kanada au Australia zimetoka kwa wanafunzi wa chuo na kuingia katika nyumba za watu wenye kazi. Ni fundi mitambo wa mgodini na mkewe muuguzi. Ni mjiolojia mwenye mkataba wa mwaka mmoja kwa mkandarasi, na mkewe mwalimu wa sekondari. Wana mtoto mmoja au wawili, wana kiwanja, pengine na nyumba iliyofika kwenye linta, na umri wao unazunguka miaka thelathini. Karibu wote huanza na swali moja: zinatakiwa shilingi ngapi?

Swali hilo ni halali, ila likitangulia linapotosha. Mfumo wa pointi hauuzi nafasi. Unapima umri, lugha, elimu na uzoefu wenye ushahidi. Fedha huulizwa ili ijulikane kwamba familia ikifika haitalala njaa, na wingi wake hauongezi pointi hata moja. Anayeanza na fedha huishia kuuza ardhi mapema na kubaki na pointi zilezile alizokuwa nazo. Ninachosema ni hiki: familia changa ya ukanda wa dhahabu ianze na lugha na vyeti, ichelewe kugusa ardhi, na ichague maandalizi yatakayoilipa hata kama mwaliko hautakuja.

Mgodi una umri wake

Yeyote aliyekaa huku anaelewa kwa nini watu hawa wanawaza mbali. Mgodi wa zamani wa Geita, uliokuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu Afrika Mashariki, ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, miaka 34 baadaye. Buzwagi, pembeni mwa mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa ulipofunguliwa alikuwa bado yuko shule ya msingi ulipofungwa. Eneo lake limepangiwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na hilo ni jema kwa mji, lakini mwendesha mtambo mwenye watoto hawezi kusubiri viwanda vijengwe ndipo alipe ada.

Kuhama kwenyewe si jambo geni Usukumani. Wafugaji wa Shinyanga wamefuata malisho na mifugo yao hadi Katavi, Rukwa, Mbeya, Morogoro na Lindi. Kanada nayo si ngeni kwetu. Dk. John Williamson, aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alikuwa mjiolojia kutoka Quebec, na Barrick, inayoendesha Bulyanhulu kwa ubia na Serikali kupitia kampuni ya Twiga, ina makao yake Toronto. Kwa zaidi ya miaka 80 ujuzi umekuwa ukisafiri kutoka kule kuja huku. Sioni aibu yoyote kwa kijana wa Kahama kuuliza kama ujuzi wake nao unaweza kusafiri kwenda kule.

Hesabu yenyewe

Kanada ilianza kuchagua wahamiaji kwa pointi mwaka 1967. Mfumo wa leo, Express Entry, ulianza Januari 2015, na una ngazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kustahili. Mfanyakazi mwenye ujuzi aliye nje ya Kanada anahitaji angalau pointi 67 kati ya 100, mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka kumi iliyopita, na Kiingereza au Kifaransa cha kiwango cha 7 katika vipimo vyao. Kwa Kiingereza, katika mtihani wa IELTS wa aina ya General Training, hiyo ni 6.0 kwa kila stadi: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Ngazi ya pili ni ushindani. Waliostahili hupangwa kwa mizani ya pointi 1,200, kisha Serikali ya Kanada huendesha droo na kuwaalika walio juu.

Tuchukue mfano wa mke na mume wa Kahama. Mke ana miaka 29, shahada ya uuguzi na miaka mitatu ya kazi. Mume naye ana shahada. Mke akiwa mwombaji mkuu, umri unampa pointi 100, ambazo ni za juu kabisa kwa mwenye mwenzi, na shahada inampa 112. Kiingereza cha kiwango cha 7 kwa stadi zote nne kinampa 64. Mume akiwa na shahada yake na Kiingereza cha kiwango hichohicho, anaongeza 20. Muunganiko wa elimu, uzoefu na lugha unaleta 38. Jumla ni 334.

Sasa mke huyohuyo, bila kuongeza shahada nyingine wala mwaka wa kazi, apandishe Kiingereza hadi kiwango cha 9, yaani IELTS 8 kwa kusikiliza na 7 kwa stadi nyingine tatu. Pointi za lugha zinafika 116 na za muunganiko zinafika 75. Jumla inakuwa 423. Pointi 89 zimepatikana kwa kusoma jioni baada ya zamu, na hakuna kiwanja kilichouzwa.

Pointi 423 bado hazitoshi kwa njia nyingi, na ni vizuri familia ilijue hilo mapema. Mwaka 2025 droo za wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada zilikuwa juu ya 510. Za watu wa afya zilikuwa kati ya takriban 460 na 510. Mlango uliokuwa chini zaidi ulikuwa wa wanaojua Kifaransa: droo moja ya Machi 2025 ilishuka hadi 379, na kadhaa zilizofuata zilikuwa chini ya 450. Muuguzi wetu akifikisha Kifaransa cha kiwango cha 7 juu ya Kiingereza chake, anapata 12 za lugha ya pili na nyongeza ya 50. Anafika 485.

Kifaransa kinaweza kuonekana jambo la mbali, lakini hapa tulipo ni karibu kuliko tunavyodhani. Barabara ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo inapita Kahama. Wapo Warundi na Wakongo walio katikati yetu waliosoma kwa Kifaransa tangu utoto, na wengi wao wangefurahi kulipwa kwa kufundisha. Alliance Française ipo Dar es Salaam na Arusha kwa anayetaka kufundishwa rasmi. Ni kazi ya miaka, si ya wiki. Lakini Kifaransa kina soko hata pasipo Kanada. Barrick hiyohiyo inaendesha mgodi wa Kibali, kaskazini mashariki mwa Kongo, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013 katika nchi ambayo ofisi zake huandika Kifaransa. Fundi Mtanzania mwenye Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa ana thamani upande wowote wa Ziwa Tanganyika.

Wakati nao haumsubiri mtu. Baada ya miaka 29 umri hupoteza angalau pointi tano kila mwaka. Mwenye miaka 35 na mwenzi hupata 70, na akifika 45 hapati kitu. Kanada yenyewe inapunguza idadi: mpango wake ulikuwa wakazi wa kudumu 395,000 kwa mwaka 2025 na 380,000 kwa mwaka 2026, baada ya miaka ya kuzungumzia 500,000. Aliye na miaka 27 leo asiseme ataanza kusoma lugha mtoto akianza darasa la kwanza.

Jasho lisilo na karatasi

Ukanda huu una watu wenye ujuzi mkubwa ambao mfumo wa pointi hauwaoni. Nenda Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu. Utamkuta kijana anayejua kupanga matimba ili duara lisiporomoke, anayetengeneza karasha kwa vipuri alivyochonga mwenyewe, anayejua kwa jicho mwamba upi una dhahabu. Ana miaka kumi ya kazi. Mbele ya ofisa wa uhamiaji ana sifuri, kwa kuwa hana mkataba, hana hati ya mshahara, na hana barua ya mwajiri yenye cheo, majukumu, saa za kazi kwa wiki, malipo na tarehe za kuanza na kumaliza. Hivyo ndivyo vitu ambavyo barua ya uzoefu lazima ivitaje. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na uzoefu wa kazi nao ni mali.

Tatizo haliishii kwa wachimbaji wadogo. Mitambo mingi ya uchenjuaji, gereji na kampuni za wakandarasi huajiri kwa maneno ya mdomo na kulipa kwa simu. Kwa vijana wa huko nasema: dai mkataba, hata wa miezi mitatu. Hakikisha michango yako ya NSSF inaingia, kwa sababu taarifa ya michango ni ushahidi wa kazi unaotoka kwa mtu wa tatu. Omba barua unapoondoka, mkiwa bado mnasalimiana. Kampuni ikishafungwa, hakuna wa kuitia saini.

Aliyejifunza kazini anayo njia ya halali nyumbani. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa alichonacho, huzibiwa mapengo na kupewa cheti. Mchomeleaji wa Katoro akipata cheti hicho hatakuwa amefika Kanada. Atakuwa ameanza kuhesabika, na ataweza kuomba kazi Geita mjini kwa karatasi mkononi.

Nani yumo katika familia

Desturi yetu humweka mume mbele katika kila fomu. Katika pointi, desturi hiyo inaweza kuwagharimu. Mke akiwa mdogo kwa miaka mitano, mwenye Kiingereza bora na taaluma ya afya au ualimu, yeye ndiye awe mwombaji mkuu. Mwaka 2025 Kanada iliweka makundi maalumu ya droo kwa afya, elimu, ufundi na baadhi ya kada za sayansi na uhandisi. Wapigieni hesabu wote wawili, mara mbili, mmoja akiwa mkuu na mwingine akiwa mwenzi, kisha mume akubali namba inavyosema. Mume anayekataa kwa sababu ya heshima anaiweka heshima hiyo mbele ya watoto wake.

Kuna jambo jingine ambalo miji ya migodi hulijua lakini hailisemi. Wanaume wengi wana mtoto mwingine Tarime, Mbeya au Moshi, waliyempata kabla ya ndoa. Fomu ya Kanada inataka watoto wote watajwe, wanaosafiri na wasiosafiri. Mtoto aliyefichwa leo anaweza kufungiwa njia ya kumfuata mzazi wake kesho, na uongo huo unaweza kuangusha ombi zima. Mwenye wake wawili ajue kwamba Kanada hutambua mmoja tu. Mambo haya yazungumzwe nyumbani kwa ukweli kabla ya kulipia chochote.

Majina nayo huchelewesha wengi. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cheti cha kidato cha nne kina jingine, NIDA ina herufi iliyopinduka. Rekebisheni RITA na NIDA mapema, mkiwa hamna haraka. Na kwa waliokaa miaka mingi kwenye vumbi la mawe, kapimeni kifua kikuu sasa. Vipimo vya uhamiaji vinajumuisha picha ya kifua, na ugonjwa ukiwa hai lazima utibiwe kwanza. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya Serikali, na anayepona amejiokoa mwenyewe na familia yake, awe anahama au habanduki Maganzo.

Kiwanja na mawakala

Sasa fedha. Kwa familia ya watu wanne, kiwango kilichotangazwa na Kanada mwaka 2025 ni dola 28,362 za nchi hiyo, takriban shilingi milioni 50. Lazima ziwe zenu. Mkopo haukubaliki. Thamani ya nyumba au kiwanja haihesabiwi. Benki hutoa barua inayoonyesha wastani wa salio la miezi sita, na pesa iliyoingia ghafla huulizwa ilikotoka. Ada za maombi kwa wazazi wawili na watoto wawili, pamoja na alama za vidole, zilikuwa dola 3,740 kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024. Bado hamjahesabu mitihani ya lugha, tathmini ya vyeti, vipimo vya afya, pasipoti za shilingi 150,000 kila moja, na nauli.

Kwa hiyo kiwanja cha Kahama hakina thamani katika fomu hiyo hadi kiuzwe, na kikishauzwa hakirudi. Ushauri wangu ni huu: hesabu ya pointi ikiwa haijafika hata kwenye droo za chini, ardhi isiguswe. Weka akiba ya mshahara kidogo kidogo katika akaunti moja inayoeleweka. Matokeo ya lugha yakishatoka na namba ikawa ndani ya droo za karibuni, hapo ndipo wenye nyumba wakae na wazee waamue kama kuna cha kuuza.

Anayewaambia vinginevyo mara nyingi ana lake. Kuunda wasifu katika Express Entry ni bure na hufanyika kwenye tovuti ya Serikali ya Kanada, ambayo pia ina kikokotoo cha pointi kisicholipiwa. Wanaoruhusiwa kulipwa kwa kumwakilisha mwombaji ni wanasheria wa Kanada, wathibitishaji wa sheria wa Quebec na washauri waliosajiliwa na bodi yao, na majina ya washauri hao hutazamwa mtandaoni bila malipo. Hakuna wakala anayeweza kununua droo. Wanaouza barua za ajira wanauza kitu ambacho tangu tarehe 25 Machi 2025 hakiongezi pointi hata moja katika mizani ile ya 1,200.

Milango mingine

Australia inahitaji angalau pointi 65, na mara nyingi mwaliko huenda kwa walio juu zaidi. Umri wa miaka 25 hadi 32 una pointi 30, shahada 15, Kiingereza cha juu kabisa 20. Haina sharti la akiba kama la Kanada kwa visa ya kujitegemea, lakini ada ya mwombaji mkuu inakaribia dola 5,000 za huko, na taaluma lazima ipimwe kwanza na chombo chake. Kwa mhandisi wa migodi mwenye Kiingereza imara, huu ni mlango wa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa Australia Magharibi inaishi kwa madini.

Ujerumani ilianzisha Chancenkarte Juni 2024. Inataka pointi sita, na inamtambua pia mwenye mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yake. Hiyo ni kadi ya mtu kutafuta kazi kwa mwaka mmoja, hivyo familia ijiandae kutengana. Uingereza nayo huuita mfumo wake kuwa wa pointi, lakini bila mwajiri hakuna safari. Tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara ni pauni 41,700, na njia ya kuajiri wahudumu wa kulea wazee kutoka nje imefungwa.

Kinachoachwa, na wenye deni

Pointi hazimhesabu mama aliyeko Kishapu anayewalea wajukuu wakati wazazi wako zamu ya usiku. Kule hakuna bibi wa jirani, na malezi ya watoto hulipiwa. Muuguzi hataitwa muuguzi siku anayofika. Atasubiri leseni ya jimbo, na wakati huo atafanya kazi iliyo chini ya elimu yake. Akichukua uraia wa Kanada baadaye, atapoteza wa Tanzania, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na wa nchi mbili. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, ambayo Bunge liliifungulia njia ya kisheria mwaka 2025, ni hatua, lakini si uraia. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya mwaka 2010, na naamini sisi pia tunapaswa kufika huko. Mtoto wa Msalala anayechimba nikeli Sudbury, Kanada, na kutuma ada nyumbani hajaacha kuwa wetu.

Taifa nalo lina uchungu wake, na sitaupuuza. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania mwaka 2023 katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kila muuguzi anayeondoka Geita anaacha zamu isiyo na mtu. Lakini siwezi kumwambia muuguzi kijana mwenye mkataba wa muda abaki kwa ajili ya wodi ambayo haijamwajiri. Anayetaka abaki amwajiri, amlipe na ampandishe daraja kwa wakati.

Waajiri wa migodi na wakandarasi wao wana deni jepesi zaidi: barua kamili ya kazi kwa kila anayeondoka, yenye majukumu yake, bila kuombwa mara mbili. Halmashauri zinazopokea fedha za migodi kwa ajili ya jamii zinaweza kugharimia madarasa ya jioni ya Kiingereza na Kifaransa, na kuwalipia wachimbaji wadogo upimaji wa ujuzi wa VETA. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na majengo tunayozindua kila mwaka.

Kwa mume na mke wanaosoma makala hii Jumapili mchana, watoto wakicheza nje, kazi ya wiki hii ni ndogo. Fungueni kikokotoo, jazeni kwa ukweli, kila mmoja kwa zamu. Andikeni namba mbili mtakazozipata. Kisha tafuteni mwalimu wa lugha na ombeni barua zenu za kazi. Ikifika siku mkaalikwa, mtaondoka mkijua mnachokifuata. Msipoalikwa, mtakuwa na lugha, vyeti na kiwanja chenu, na mgodi ukifungwa hamtaanza upya.